Azunguke au ateleze? Jibu kwa mama wa kijana anayetupa tufe

"Mwalimu, mwanangu ana miaka 15, urefu sentimita 178, uzito kilo 92. Mwalimu wake wa michezo alimwambia mwili kama huo usipotee bure, ajaribu tufe. Tangu aone kwenye simu fainali ya tufe ya wanaume ya mashindano ya dunia, Doha 2019, hatulali: anataka kuzunguka kama wale. Anafanyia mazoezi nyuma ya nyumba, kwenye sakafu ya saruji ya banda tulilobomoa, kwa tufe la shule ambalo nimelipima kwenye mizani ya dukani kwangu likasoma kilo 7 na robo. Siku moja lilifika mita 10 na kitu, lakini mara nyingi anatoka nje ya duara alilochora kwa chaki. Wiki mbili zilizopita alianguka akatua kwa kiganja, bado kinamuuma kidogo upande wa dole gumba. Wenzake wa gym wanamshauri poda, na mmoja ametaja sindano. Je, aendelee kuzunguka au ajifunze ule mtindo wa kuteleza? Ni kweli tufe ni la watu wenye mikono minene? Viatu anunue vipi? Na kuna ugomvi hapa nyumbani: Crouser na Walsh wote walitupa 22.90, vipi mmoja apewe fedha na mwingine shaba? Baba yake anasema ni upendeleo."

Mama, hongera kwanza kwa kulipima hilo tufe. Nimefanya kazi na walimu wa michezo ambao kwa miaka yao yote hawajawahi kufanya hivyo. Nitakujibu yote, ila si kwa mpangilio wako. Naanza na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kama mtu anayetaja kuwa jana kulinyesha.

Kiganja. Kijana ameanguka, akajikinga kwa mkono, na wiki mbili baadaye bado anaumwa upande wa dole gumba. Mwambie ainue dole gumba juu kama anayeomba lifti barabarani. Kwenye kifundo, chini ya dole hilo, kitajitokeza kijishimo kati ya kano mbili. Kibonyeze kwa ncha ya kidole, taratibu. Akishtuka kwa maumivu, tufe liwekwe chini leo na yeye apelekwe hospitali wiki hii. Chini ya kijishimo hicho kuna kifupa chenye umbo kama la korosho, ambacho huvunjika hasa kwa kuanguka namna hiyo. Damu hukifikia kwa shida, kwa hiyo ufa ukipuuzwa unaweza usiunge kabisa, na mkono ukabaki dhaifu hadi utu uzima. Ujue pia kwamba picha ya eksirei ya siku za mwanzo inaweza kutoka safi hali ufa upo. Ukiambiwa hakuna kitu na maumivu yakaendelea, rudi uombe picha nyingine. Na asichuliwe. Najua kila mtaa una fundi wa kuchua anayesifiwa, lakini mfupa wenye ufa hauchuliwi. Hata kama hatashtuka ukibonyeza, kifundo cha mtoto anayekua kilichouma wiki mbili kinastahili kuonwa na daktari.

Sasa ugomvi wa nyumbani. Usiuone mdogo, kwa sababu jibu lake ndilo litakalobeba mengine yote.

Ilikuwa tarehe 5 Oktoba 2019, uwanja wa Khalifa, Doha. Tom Walsh wa New Zealand, bingwa mtetezi, alifungua raundi ya kwanza kwa 22.90. Rekodi ya mashindano ya dunia hadi siku ile ilikuwa 22.23 ya Mswisi Werner Günthör, iliyokuwepo tangu Roma 1987, kwa hiyo Walsh aliiacha nyuma kwa sentimita 67 hata wengine hawajapata joto. Watu walidhani mambo yamekwisha. Joe Kovacs wa Marekani alihangaika jioni nzima, na alipoingia raundi ya sita, ya mwisho, alikuwa wa nne. Akatupa 22.91. Dakika chache baadaye Ryan Crouser, Mmarekani mwenzake, akatupa 22.90. Walsh, aliyekuwa na jaribio la mwisho, hakuweza kujibu. Kovacs dhahabu, Crouser fedha, Walsh shaba, na wote watatu wanatoshea ndani ya sentimita moja. Mbrazili Darlan Romani alitupa 22.53, umbali ambao ungempa ubingwa katika mashindano yote ya dunia yaliyotangulia, akaenda nyumbani bila medali.

Hakuna upendeleo hapo, mwambie baba. Kanuni inasema watu wawili wakilingana kwa mtupo wao mrefu, unatazamwa mtupo wa pili kwa ubora wa kila mmoja. Crouser alikuwa na 22.71 kwenye akiba yake. Mtupo wa pili wa Walsh ulikuwa mfupi zaidi, na majaribio yake mengi baada ya lile la kwanza yalikuwa faulo. Hiyo tu. Kuna na kajambo kengine watu hawakajui: vipimo vya tufe hushushwa hadi sentimita kamili iliyo chini. Ukitupa mita 22, sentimita 90 na milimita 9, unaandikiwa 22.90. Kwa hiyo kati ya Kovacs na wenzake pengine palikuwa na milimita moja, pengine karibu sentimita mbili. Ubao wa matokeo hauna habari na hayo.

Si mara moja. Paris 2024, Crouser alipochukua dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki kwa 22.90, Kovacs na Rajindra Campbell wa Jamaika walilingana kwa 22.15, Kovacs akapata fedha kwa mtupo wake wa pili. Lakini kisa ninachowasimulia vijana wangu ni cha Olimpiki ya Athens 2004. Tufe mwaka ule lilipelekwa Olympia, kwenye uwanja wa kale wenyewe, watazamaji wamekaa kwenye nyasi. Adam Nelson wa Marekani alifungua kwa 21.16 akaongoza. Majaribio yake matano yaliyofuata, yote matano, yakawa faulo. Raundi ya mwisho Yuriy Bilonoh wa Ukraine naye akafika 21.16. Wakatazama mtupo wa pili: Bilonoh alikuwa na 21.15. Nelson hakuwa na mtupo wa pili.

Nitakirudia kisa hicho tukifika kwenye sindano. Kwa sasa tazama daftari la mwanao: mtupo mmoja wa mita 10 na kitu, na mingi iliyobaki nje ya chaki. Anaugua ugonjwa wa Nelson kabla hajawa Nelson. Swali lako la kuzunguka au kuteleza, mimi nalisoma hivi: kijana huyu atapataje mtupo wa pili?

Kwanza tuliondoe hili la mikono minene. Tufe halitupwi kama jiwe la kuangushia embe. Linasukumwa. Kanuni inataka likae shingoni au karibu kabisa na kidevu, mkono mmoja, lisishuke chini ya hapo wala kurudi nyuma ya mstari wa mabega. Mkono ndio wa mwisho kufika kazini, na hufanya kazi kwa muda mfupi mno. Nguvu huanzia chini: mguu wa kulia unasukuma ardhi, nyonga inatangulia kugeuka ikielekea uwanjani wakati mabega bado yametazama nyuma, kiwiliwili kinajisokota kama nguo inayokamuliwa, kisha kinafunguka. Hapo mguu wa kushoto, ulionyooka mbele karibu na ubao wa kuzuilia mguu ulio ukingoni mwa duara, unafunga breki. Umepanda daladala, unajua dereva akikanyaga breki ghafla abiria waliosimama huenda wapi. Mguu wa kushoto ndio dereva, tufe ndilo abiria. (Hayo ni kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.)

Ukubwa wa mwili unasaidia, sitakudanganya. Ila pima unasaidia kiasi gani. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, tufe la mita 22.90 huachia mkono kwa kasi ya kama mita 14.4 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 52 kwa saa, likiwa zaidi kidogo ya mita 2 kutoka chini. Mwenye mkono unaoachia tufe sentimita 10 juu zaidi anavuna kama sentimita 10 tu za umbali. Anayeongeza kasi kwa asilimia 1 anavuna kama sentimita 40. Crouser ana mita 2.01. Kovacs ana 1.83, anazidi mwanao kwa sentimita tano tu, na mwanao hajamaliza kukua. Siku ile Doha, mfupi alimshinda mrefu. Na ile sentimita moja iliyoamua, kwa kasi ni tofauti ya milimita tatu au nne kwa sekunde. Siamini kuna binadamu awezaye kuihisi mkononi.

Na kama kuna mtu amemwambia alenge pembe ya digrii 45, amwambie asante, kisha asahau. Digrii 45 ni kwa kitu kinachorushwa kutoka usawa wa ardhi kwa kasi isiyobadilika. Tufe linatoka juu ya bega, na mwili wa mtu husukuma kwa nguvu zaidi kuelekea mbele kuliko kuelekea juu, kwa hiyo ukilazimisha pembe kubwa unapoteza kasi. Wakubwa wengi huachia kwenye digrii thelathini na kitu.

Mitindo. Wa kuteleza ulienezwa na Mmarekani Parry O'Brien mwanzoni mwa miaka ya 1950: unasimama nyuma ya duara ukiwa umeupa uwanja mgongo, unainama, unajisukuma kwa mguu mmoja hadi katikati, unafunguka. O'Brien alichukua dhahabu za Olimpiki 1952 na 1956 kwa mtindo huo. Wa kuzunguka ulishika kasi miaka ya 1970, na Msovieti Aleksandr Baryshnikov aliutumia kufika mita 22.00 kamili, rekodi ya dunia ya 1976. Katika kuzunguka mwili unapata njia ndefu zaidi ya kukusanya mwendo ndani ya duara lilelile la mita 2.135. Ndiyo maana umeshinda vita. Kwa wanaume, dhahabu ya mwisho ya Olimpiki kwa mteleza ilikuwa ya Tomasz Majewski wa Poland, London 2012, na ya mwisho ya dunia ilikuwa ya Mjerumani David Storl, Moscow 2013. Tangu hapo ni wa kuzunguka tupu. Rekodi ya dunia ya sasa, 23.56 ya Crouser, Los Angeles 2023, ni ya mzunguko.

Lakini kuteleza si mtindo wa maskini. Ulf Timmermann wa Ujerumani Mashariki alifika 23.06 mwaka 1988 kwa kuteleza, na umbali huo ungemtosha kushinda Doha kwa sentimita 15.

Tatizo la mzunguko ni kwamba unachokusanya lazima ukizuie. Unakuja mbele ukiwa kama gari lililokatikiwa breki mteremkoni, na una ubao wenye kimo cha sentimita 10 tu wa kukuokoa. Upande wa ndani wa ubao ruksa kuugusa, juu yake ni faulo. Unatakiwa usimame, usubiri tufe lianguke, utoke kwa nusu ya nyuma ya duara. Walsh ni mmoja wa mabingwa wa kizazi chake na siku ile ilimshinda tena na tena. Kijana wa miaka 15, peke yake na simu, juu ya saruji, na tufe la mtu mzima, atafanyaje?

Maana hilo ndilo ulilolipima: kilo 7.26, tufe la wanaume wakubwa, lilelile la Doha. Vijana wa chini ya miaka 18 hutupa la kilo 5, chini ya 20 hutupa la kilo 6. Nikiri kwamba shule nyingi zina tufe moja tu, na huwa ni hilo, kwa hiyo simlaumu mtu. Uliza kama shule ina tufe la wasichana. La wanawake ni kilo 4, na kwa mwanao mwaka huu ni zuri kuliko la baba yake. Tufe zito mno humfundisha mtoto kudanganya: anashusha kiwiko, anageuza mgongo kuwa upinde, anakunja kifundo nyuma kupita kiasi. Anajenga makosa matatu kwa mpigo, na makosa ya miaka 15 huwa magumu kufuta akiwa na 19.

Ushauri wangu basi. Mkono ukipona na daktari akiruhusu, wiki kadhaa za mwanzo atupe kwa kusimama tu, bila kuteleza wala kuzunguka, akijifunza nyonga kutangulia na mguu wa kushoto kufunga breki. Kisha ateleze, na mashindano ya shule ya msimu huu, UMISSETA au mengine, ayaende kwa kuteleza. Mzunguko aufanye pembeni bila tufe, mara mbili kwa wiki, akishika kiatu au mpira mdogo, hadi aweze kuzunguka mara kumi mfululizo bila kutoka kwenye chaki. Kuna makocha watakaokuambia napoteza muda wake, kwamba anayeanza kuteleza hujenga mazoea ambayo baadaye lazima ayavunje. Wana hoja. Kama angekuwa na kocha wa kurusha anayemwona mara tatu kwa wiki, kwenye duara halisi, ningesema azunguke tangu kesho. Hana. Na mtelezo ni kitu ambacho mtoto makini na mama mwenye simu wanaweza kukisahihisha wenyewe kwa kiasi fulani.

Ndiyo, wewe. Kovacs alipokuwa sekondari, kocha wake alikuwa mama yake mzazi, na mazoezi waliyafanyia kwenye maegesho ya magari. Siku ya Doha kocha wake alikuwa mkewe. Huhitaji kujua fizikia. Simama nyuma ya duara, upande wa kulia kwake, mbali, mrekodi. Akimaliza mkague shingo na kiganja: shingo iwe na vumbi, kiganja kiwe safi. Vumbi likiwa limejaa kiganjani, maana yake analishika tufe kama chapati badala ya kulikalisha kwenye mashina ya vidole, na kifundo kitaendelea kulalamika hata baada ya kupona. Duara lipime vizuri: piga msumari katikati, funga kamba ya mita 1 na sentimita 6.75, zungusha chaki. Na uwe na daftari. Kila siku ya mazoezi atupe sita, kama fainali. Mtupo mrefu kuliko yote usiuandike, yeye mwenyewe ataukumbuka hata mkienda msibani. Andika wa pili. Namba hiyo ikipanda mwezi hadi mwezi, anafundishika. Ikisimama wakati ule mrefu unaruka juu na chini, ana bahati tu.

Kocha wa ana kwa ana bado atahitajika. Watu hunitajia Julius Yego, Mkenya aliyejifunza mkuki kwa kutazama video hadi akawa bingwa wa dunia Beijing 2015 kwa mita 92.72. Kweli tupu, na mimi humtaja kwa fahari. Wanachosahau ni kwamba kabla ya hapo alikwenda Kuortane, Finland, akakaa na kocha anayeujua mkuki, uso kwa uso. Video inakuonyesha mguu uko wapi. Haikuambii wako uko wapi. Ulizia chama cha riadha cha mkoa wako, au timu za majeshi kama zipo karibu, mara nyingi humo ndimo wamo waliowahi kurusha. Kikao kimoja kwa mwezi si haba.

Kuna maumivu mengine ya kutopuuza. Mgongo wa chini, hasa akiumwa anapojipinda nyuma, ukizidi wiki mbili, daktari. Watoto wa michezo ya kujipinda hupata ufa mdogo kwenye pingili, na wengi huambiwa ni uchovu. Ganzi ya vidole, au bega linalouma usiku akiwa amelala, vivyo hivyo. Maumivu ya misuli ya siku mbili baada ya mazoezi mapya hayo ni ya kawaida, anywe maji alale.

Poda haihitaji. Kilo 92 zake hazikosi chakula, zinakosa maharage, dagaa, mayai na maziwa kwa mpangilio, na usingizi ambao naona simu inauiba. Tena makopo mengine hukutwa na vitu visivyoandikwa nje, na mwanariadha akipimwa, kosa ni lake.

Sindano ni jambo jingine na hapa sina upole. Homoni za kujenga misuli kwa kijana anayekua zinaweza kufunga mapema sehemu laini za mifupa zinazorefuka. Kijana atanunua misuli kwa kulipa sentimita zake za urefu, mbali na moyo, ini na akili. Kama ameshachomwa hata mara moja, usimfokee hadi akafunga mdomo. Mpeleke kwa daktari, aeleze alichochomwa. Mchezo wetu una aibu ndefu katika hili. Randy Barnes, aliyeweka rekodi ya 23.12 mwaka 1990 ikadumu hadi Crouser alipoivunja 2021, alifungiwa mwaka uleule wa rekodi, na 1998 akafungiwa maisha. Na yule Bilonoh wa Olympia? Sampuli yake ilipimwa upya, akanyang'anywa dhahabu mwaka 2012. Nelson alikabidhiwa medali mwaka 2013, kwenye uwanja wa ndege wa Atlanta, katika eneo la migahawa, abiria wakipita na mabegi yao. Miaka tisa. Hakupigiwa wimbo wa taifa kule kwenye nyasi za Olympia, na hakuna kamati inayoweza kumrudishia hilo.

Jambo la usalama, kwa sababu umesema ni nyuma ya nyumba. Mtu yeyote, kuku hata, asiwe mbele wala pembeni ya duara. Na tufe halirudishwi kwa kutupwa, linafuatwa na kubebwa. Nilishawahi kuona kijana akimrudishia mwenzake kwa mkono, kwa utani, na mwenzake akajaribu kulidaka. Sitaki kueleza zaidi.

Viatu: usinunue njumu. Kwenye duara la saruji njumu hazitumiki, zitamng'ang'aniza mguu sakafuni wakati goti linageuka, na goti ndilo litakalolipa. Viatu maalumu vya kurusha vina soli laini isiyo na meno, na ni ghali. Bila shaka ana raba za zamani zilizolika soli hadi zikawa kama sahani, ambazo ulishaziweka karibu na pipa la taka. Zirudishe ndani, hizo zinamtosha mwaka mzima.